Maksai Aliyenyimwa Majani

Malsun alipozaliwa, baba yake alikuwa zizini akimkanda ng'ombe mguu. Mkunga alipomfuata kumwambia ni wa kike, wa saba, mzee alisema, "Tena?" kisha akaendelea kukanda. Ndiyo sababu binti akapewa jina hilo, ambalo kwetu hupewa msichana ili mbingu zielewe kwamba sasa imetosha. Mbingu zilielewa, maana aliyefuata alikuwa wa kiume. Malsun hakushukuriwa kwa hilo, wala hakudai shukrani.

Aliolewa hapa Sotgol akiwa na miaka kumi na tisa, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa na mama mkwe ilikuwa kumpikia ng'ombe. Watoto wa siku hizi wakiambiwa kwamba ng'ombe alikuwa akipikiwa, wanacheka. Lakini zamani zile hapakuwa na nyumba ya maana isiyo na chungu cha chuma cha ng'ombe, kikubwa kuliko cha watu, na moto wake ndio uliopita chini ya sakafu na kupasha chumba cha wazee. Malsun aliamka kabla ya jogoo, akakata mabua ya mpunga, akayachemsha pamoja na pumba, maganda ya maharage na maji ya kuoshea mchele, mpaka mvuke ukajaa uani. Ng'ombe alikula kwanza. Baba mkwe alipoamka alichungulia hori na kuuliza, "Amekula vizuri?" Mwaka wa kwanza Malsun alidhani ipo siku swali hilo litamfikia na yeye. Halikumfikia.

Yote hayo aliyapita. Matrekta yakaja, ng'ombe wakaacha kulima, wakawa wa nyama tu. Mumewe, Dalsu, akafa kifua kikimbana. Mwanawe wa pekee, Giltae, akarudi kutoka mjini na vitabu vyake vya ufugaji, akajenga banda la bati la ng'ombe arobaini na kununua mashine ya kuchanganyia chakula. Giltae hakupika kitu. Alichanganya pumba za mchele za mashine ya kukoboa, pumba za ngano, mahindi yaliyovunjwa kidogo, na machicha ya pombe ya mchele kutoka kiwanda cha kijijini. Kwamba mnyama anenepe kwa mabaki ya watu halikumshangaza Malsun. Yeye mwenyewe katika watoto wanane alikulia mabaki, na alinenepa.

Kilichomshinda kuelewa ni mambo ya majani. Ng'ombe akiingia mwaka wake wa mwisho wa kunoneshwa, Giltae hakutaka aone kibichi hata kwa mbali. Hata mabua ya mpunga aliyachagua ya mwaka uliopita, yaliyokwisha kupauka. "Kibichi kinafukuza mafuta ndani ya nyama, Mama," alimwambia. "Wanunuzi wanataka nyama nyekundu yenye michirizi myeupe. Ukimpa majani, mafuta yanakuwa ya njano, michirizi inapotea, daraja linashuka." Malsun alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Lakini ng'ombe wakamtazama, na mwanamke aliyelisha ng'ombe miaka hamsini hawezi kutazamwa hivyo akanyamaza. Akawa anakata majani ya kando ya majaruba na mashina ya viazi vitamu, anayaficha kikapuni chini ya kitambaa, anawapa wawili waliokuwa karibu na mlango.

Wale wawili walipochinjwa, mafuta yao yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Giltae hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alikaa siku tisa hasemi na mama yake zaidi ya "kula" na "nimerudi," na siku ya kumi akatia kufuli mlango wa banda. Sotgol nzima ikajua kwamba Mama Giltae amefungiwa mlango wa ng'ombe na mwanawe mwenyewe, na wapo waliocheka, maana binadamu ni binadamu.

Tangu siku hiyo Malsun alitaka jambo moja tu hapa duniani: mwanawe amwachie tena mnyama bila kumchunguza mikono.

Nafasi ilikuja baada ya mwaka. Ng'ombe mmoja alikufa akizaa, na ndama akabaki analia. Malsun akamnywesha maziwa kwa chupa katika zizi la zamani, lile la mawe lililoungana na jiko lake. Ndama akakua, akahasiwa, akawa maksai. Walipomhamishia bandani hakuweza kugombania hori na wenzake, wakamsukuma mpaka akakonda. Giltae akamrudisha kwa mama yake.

"Mlishe wewe," alisema. "Pumba nitakuchanganyia mwenyewe, nitakuletea kwenye gunia. Machicha utachukua kiwandani, maana ni karibu na wewe. Mabua nitakupa ya zamani. Lakini kibichi, Mama."

"Nimesikia."

"Hata jani moja."

"Giltae, mimi si kiziwi. Nimekuahidi."

Giltae alimtazama kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu akaenda zake.

Malsun hakumpa maksai jina, kwani mnyama wa kunona hapewi jina. Alimwita "wewe," kama alivyomwita marehemu mumewe. Kila asubuhi alisukuma toroli mpaka kiwanda cha pombe, ambako Mama Sunggu, mke wa mwenye kiwanda, alimjazia ndoo mbili za machicha yaliyokamuliwa, meupe, bado yana joto na harufu ya chachu. Mama Sunggu ni mtu ambaye hakuwahi kuliacha neno lipoe kinywani.

"Mama Giltae, huyo bwana wako mpya anakunywa kuliko marehemu."

"Huyu angalau akilewa halali kwenye mtaro."

"Amenona?"

"Njoo umwone mgongo wake. Unaweza kuutandika kama meza ukala chakula."

Na kweli alinona. Malsun alichanganya machicha na pumba kwa mikono yake, akaonja unyevu wake kwa vidole, akamwaga horini, akasimama kumsikiliza akitafuna. Alijivuna, na sioni aibu kusema hivyo kwa niaba yake. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa yake alikuwa na kazi ambayo mtu angeweza kumsifu kwayo. Akaanza kuota siku ambayo chama cha ushirika kitabandika picha ya maksai wa daraja la juu kabisa, na Giltae atasema mbele za watu, huyu amelishwa na mama yangu.

Ila kulikuwa na majani ya figili. Mwishoni mwa vuli kila nyumba huku kwetu hufunga majani ya figili mafungu mafungu na kuyatundika kwenye upenu yakauke, yawe mchuzi wa kipupwe kizima. Malsun alitundika ya kwake pale pale alipozoea, juu ya mlango wa zizi. Maksai akaanza kunyoosha shingo. Alinyoosha mpaka mishipa ikatuna, akatoa ulimi akiramba hewa, akalia mlio mdogo usiofanana na ukubwa wake. Malsun alikaa jikoni akausikia asubuhi na jioni. Siku ya tatu aliinuka, akachukua fungu moja, akalishika. Alisimama nalo muda mrefu. Halafu akayatungua mafungu yote, akayapeleka upande wa pili wa nyumba kusikofika harufu. Machozi yalimtoka, akajisemea kwamba ni uzee. Mbona wahubiri wa kanisani husema utii unapendeza? Huu haukumpendeza hata kidogo. Aliufanya hivyo hivyo.

Kipupwe kilipokolea, maksai akawa mzito wa kutembea. Miguu ya nyuma ikavimba juu ya kwato, macho yakatoa machozi. Jua likianza kuzama aligonga nguzo aliyoizoea tangu udogoni. Malsun akamweleza Mama Sunggu.

"Amelewa," Mama Sunggu akasema papo hapo. "Wiki hii machicha yalikuwa makali, hata nguruwe wa jirani walipepesuka. Mpunguzie."

Malsun akampunguzia machicha, akamwongezea pumba. Jibu lile lilimtosha, na ukweli ni kwamba alitaka limtoshe. Hakumwendea Giltae. Aliogopa Giltae ataona kasoro na kumchukua maksai kabla ya wakati, na pia alijiambia kwamba mwanawe mwenyewe ni mfugaji, kama kuna ubaya si angeuona? Lakini Giltae hakuwa anapita. Miezi ile yote aliliacha gunia la pumba langoni, akapiga honi ya gari, akaondoka. Malsun aliona ni heshima. Alisema moyoni: hatimaye ananiamini, haji kunichunguza.

Ikafika siku ya mbalamwezi kuu ya kwanza ya mwaka. Malsun alipika wali wa nafaka tano na mboga za kukaushwa, akapasua karanga kwa meno yaliyobaki. Siku hiyo kuna jambo ambalo familia ya Dalsu haijawahi kuliacha hata mwaka wa vita: ng'ombe hupelekewa ungo wenye wali upande mmoja na mboga upande wa pili. Akianza na wali, mwaka ni wa shibe. Akianza na mboga, watu hukaza mikanda. Malsun alisita, kwa sababu mboga ni mboga hata siku ya sikukuu. Akampigia Giltae simu.

"Giltae, ule ungo wa ng'ombe. Kuna majani ya figili. Niyaondoe?"

Giltae akacheka. "Mama, leo ndiyo unaniuliza?"

"Sasa nimuulize nani?"

"Mpe tu. Konzi moja haiui."

Malsun hakuelewa kilichomchekesha, akaweka simu.

Akatoka na ungo. Mama Sunggu alikuwa ameshafika langoni na jirani wawili, maana ng'ombe walio kwenye banda la bati hawapewi tena ungo, na zizi hili moja la mawe ndilo lililobaki kupigia ramli ya kijiji.

"Mama Giltae," aliita Mama Sunggu kwa sauti tamu.

"Unasemaje?"

"Nunua joto langu."

Jirani wakacheka. Atakayeitika siku hiyo ndiye anayebeba joto la mwenzake kiangazi kizima, na Malsun alinaswa kama mtoto. "Uzee umekuibia akili lakini wizi umekubakishia," alimjibu, akainama chini ya mlango wa zizi.

Jua la asubuhi lilikuwa limeingia moja kwa moja, likimpiga maksai usoni. Malsun aliweka ungo juu ya hori mbele yake. Maksai hakuutazama. Alikuwa amekodoa macho kwenye jua bila kupepesa, kisha pua ikaanza kutafuta. Ikapita juu ya wali, ikaumwaga nusu, ikafika kwenye mboga. Hapo akazama. Alikula mboga kwa haraka ya kutisha, akaramba ungo mpaka nyuzi zake zikalia, akala na kamba ya mabua iliyofungia majani, na vilipokwisha akaufuata mkono wa Malsun uliokuwa na harufu ya figili, akauramba kucha hadi kiwiko. Wali hakuula.

Langoni vicheko vilikuwa vimekwisha. "Mwaka wa njaa," Mama Sunggu alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Malsun hakusikia. Alikuwa anatazama jicho. Mboni ilikuwa pana, imejaa, na ndani yake mlikuwa na rangi ya buluu iliyofifia. Alipitisha kiganja mbele yake. Akapitisha tena, karibu kabisa na kope. Jicho halikufumba. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa na macho mawili mazima, ameyatumia miezi kuupima mgongo.

Akampigia Giltae simu tena, naye akafika kabla jirani hawajamaliza kutawanyika. Aliwasha tochi ya simu, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto. Akabonyeza uvimbe wa miguu. Kisha akazima tochi, na alipoongea aliongea taratibu, kama anavyoongea na mnyama aliyeshtuka.

"Mama, ulikuwa unampa majani kiasi gani?"

"Sikumpa."

"Sikugombezi. Daktari atauliza, lazima nijue. Kikapu kwa siku? Kwa wiki?"

"Sikumpa, Giltae."

"Mama."

"Hata jani moja. Mpaka leo, na leo nilikupigia simu. Majani yangu yako nyuma ya nyumba, nenda ukayahesabu. Niliyahamisha ili asiyanuse."

Giltae aliketi kwenye ukingo wa hori. Maksai alimnusa begani akitafuta kibichi.

"Wale wa bandani nawatilia dawa kwenye pumba," alisema. "Unga wa njano, kikombe kwa wiki. Ni badala ya kile wanachokipata kwenye majani. Bila hiyo macho yanakufa. Huyu wa kwako sikumtilia."

"Kwa nini?"

Giltae aliusukuma taratibu uso wa maksai begani mwake.

"Nilijua utampa majani. Ningetia dawa, na wewe unampa majani yako, nyama ingeharibika kama mwaka ule. Nikasema mama ataniibia tu, ni tabia yake, hawezi kumwona ng'ombe anataka kitu akamnyima. Nikapima kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana nilikuwa siingii huku. Sikutaka nikukute na hicho kikapu, halafu nilazimike kusema."

Malsun alitafuta pa kushika, akaishika pembe ya maksai.

"Uliniambia nisimpe," alisema.

"Nilikuambia."

"Mimi nikakutii."

Giltae akainamisha kichwa. Mtu wa arobaini na sita, mwenye banda na mashine, alionekana kama aliyevunja bakuli la baba yake. Malsun angeweza kumtukana, na haki alikuwa nayo. Hakumtukana, kwa sababu jambo lililomuuma zaidi halikuwa la Giltae: kwamba mwanawe alimjua vizuri kuliko alivyojijua, akamtegemea kwa kile kilicho bora kwake, na yeye akakizima ili apate sifa.

Daktari wa mifugo alikuja adhuhuri, akachoma sindano mbili. Alisema miguu itanywea, hamu ya kula itarudi, miezi iliyobaki atanona vizuri tu. Malsun aliuliza kuhusu macho. "Maji yamekwisha kumwagika, bibi," daktari alisema, halafu, ili kumfariji, akapapasa mgongo wa maksai. "Ila nyama ya huyu itakuwa ya ajabu."

Kuanzia kesho yake Giltae aliingia zizini kila siku, akaleta unga wa njano mwenyewe na kupima konzi ya majani mbele ya mama yake. Maksai alizoea giza lake. Malsun alikohoa kabla ya kumkaribia ili asishtuke, na akimwaga pumba aligonga hori mara mbili kwa kiganja. Alimwambia mvua inakuja, alimwambia mipichi imechanua, vitu ambavyo hakuwahi kumwambia mtu.

Alichinjwa siku chache kabla ya sikukuu ya mavuno. Alipata daraja la juu kabisa. Ushirika ukabandika picha ya kipande cha nyama ukutani, nyekundu na michirizi yake myeupe membamba, na kama ilivyo desturi, wafugaji wakakutana ukumbini kuila sehemu yake. Malsun alivaa nguo yake ya sherehe. Watu wakampigia makofi Giltae, wakamtaka aseme alimlisha nini.

Giltae alisimama. Alimtafuta mama yake kwa macho hadi alipomwona, kule mwisho wa meza, kando ya Mama Sunggu.

"Si wa kwangu, ni wa mama," alisema. "Alimlisha vile vile nilivyomwambia. Hakukiuka hata kwa jani moja."

Alisema kwa unyenyekevu, na watu wote wakageuka wakampigia makofi Malsun kwa nguvu. Mama Sunggu alimpiga kiwiko mbavuni. "Umesikia? Mwanao anakusifu mbele za watu."

"Nimesikia," alisema Malsun.

Wahudumu walikuwa wanaanza kugawa sahani. Alisema kichwa kinamuuma, akajifunga kitambaa vizuri, akatoka nje kabla nyama haijafika kwake.